Birmingham mbili na kumbukumbu za tovuti za kwanza

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wasikilizaji wa Kiswahili popote walipo duniani.

Mwezi Agosti mwaka 2008, halmashauri ya jiji la Birmingham, nchini Uingereza, ilichapisha vipeperushi 720,000 vya kuwashukuru wakaazi wake kwa juhudi zao za kutenganisha takataka ili zitumike tena. Pamoja na maneno hayo ya shukrani, palikuwa na picha ya majengo marefu ya mji. Kasoro ilikuwa moja tu: majengo hayo hayakuwa ya Birmingham ya Uingereza. Yalikuwa ya Birmingham nyingine, iliyoko katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000.

Halmashauri ilikiri kosa, magazeti yakapata kichekesho cha wiki, na mambo yakaisha. Hata hivyo, aliyechagua picha ile alikuwa ameiunganisha miji miwili ambayo, bila yeye kujua, ilikuwa na jambo la kuambizana. Mwaka huohuo wa 2008, katika Birmingham ya Alabama, aliishi Mkenya mmoja mtaalamu wa kompyuta, David Kobia, ambaye alikuwa ameufunga kwa mkono wake mtandao alioujenga mwenyewe. Na katika Birmingham ya Uingereza, halmashauri ileile ilikuwa ikisubiri tovuti mpya ambayo, mwaka uliofuata, ingezua mjadala mkali kuliko ule wa vipeperushi.

Visa hivyo viwili ni vya ufundi mmoja, ufundi wa kusanifu tovuti. Wale walioufanya katika miaka yake ya mwanzo sasa ni watu wa makamo. Wanapotazama nyuma, wengi hukumbuka kwanza mambo ya kuchekesha, kisha yale ya kujutia.

Enzi ya majedwali

Tovuti ya kwanza duniani ilifunguliwa mwaka 1991 na Mwingereza Tim Berners-Lee, katika kituo cha utafiti cha CERN kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni mali ya umma, na mtu yeyote angeweza kuitumia bila malipo. Kuanzia hapo mlango ukawa wazi.

Waliopita katika mlango huo walikuta nyumba isiyo na samani. Lugha ya kuandikia kurasa, HTML, ilibuniwa kwa ajili ya wanasayansi waliotaka kubadilishana maandishi. Haikuwa na njia nzuri ya kuweka picha kulia na maneno kushoto, wala ya kuamua nafasi kati ya safu moja na nyingine. Mafundi wakajitafutia ujanja. Walichukua jedwali, chombo kilichokusudiwa kupanga takwimu, wakaficha mistari yake, na ndani ya kila chumba cha jedwali wakatia picha, kichwa cha habari au orodha. Palipohitajika nafasi tupu, walipachika kipicha kisichoonekana, chembe moja tu ya kioo cha kompyuta, wakakinyoosha kama mpira. Ukurasa ulionekana nadhifu kwa msomaji, lakini nyuma yake ulifanana na nyumba iliyoshikiliwa na misumari na kamba.

Dawa ya tatizo hilo ilipendekezwa mwaka 1994 na Mnorway Håkon Wium Lie, aliyetaka maudhui ya ukurasa yatenganishwe na mapambo yake. Mwezi Disemba mwaka 1996 pendekezo hilo, CSS, likawa kanuni rasmi. Hata hivyo, vivinjari vya wakati huo, Netscape na Internet Explorer, vilikuwa vikishindana, na kila kimoja kilifuata kanuni kwa namna yake. Ukurasa uliopendeza katika kimoja ulivurugika katika kingine. Kwa hiyo majedwali yaliendelea kutawala kwa miaka kadhaa.

Aidha, kulikuwa na suala la kasi. Modemu iliyopitia waya wa simu, kwa kasi ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, ilihitaji karibu nusu dakika kuleta picha moja ya kilobaiti 100. Katika mikahawa ya intaneti ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ambako mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti na mteja alilipa kwa dakika, picha hiyo ilikuwa fedha. Nyaya za baharini za kasi hazikufika pwani ya Afrika Mashariki hadi mwaka 2009, ulipozinduliwa mkongo wa SEACOM. Msanifu aliyemjali msomaji wa Tanga au Kisumu alijifunza kubana. Alipunguza rangi, akakata picha vipande vidogo na kuacha maneno yafanye kazi.

Katika hali hiyo ndipo Kiswahili kilipoingia mtandaoni. Mwaka 1994, mradi wa kamusi hai ya Kiswahili ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale na Martin Benjamin. Mwaka 2003 ikaanza Wikipedia ya Kiswahili. Mwaka 2004 Mtanzania Ndesanjo Macha akafungua Jikomboe, shajara ya mtandaoni iliyoandikwa kwa Kiswahili wakati ambapo wengi waliamini kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza tu. Wahusika wengi wa kazi za namna hiyo walikuwa mbali na nyumbani, wakiishi ughaibuni ambako kompyuta na waya wa simu havikuwa anasa.

Mlango bila bawabu

Miongoni mwa kazi za wana wa Afrika Mashariki waishio ughaibuni ilikuwamo Mashada, baraza la mazungumzo la Wakenya lililosimamiwa na David Kobia. Shada ni fungu la vitu vilivyofungwa pamoja, kama maua, na jina lilisadifu. Hapo walikutana Wakenya wa Nairobi na wale wa London, Toronto na Dallas. Walibishana kuhusu mpira, siasa, ndoa na bei ya kiwanja.

Tarehe 27 Disemba 2007 Wakenya walipiga kura. Tarehe 30, mara baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zilienea. Kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia kwa maelfu wakayakimbia makaazi yao.

Vyombo vya habari viliponyamazishwa, watu walihamia kwenye simu na intaneti. Mashada ilifurika. Mwanzoni watu waliulizana habari za jamaa zao. Baadaye maneno yalibadilika, makabila yakatajwa kwa matusi, na chuki ikaandikwa na watu ambao wengine walikuwa wameketi salama maelfu ya kilomita kutoka kwenye moto. Kobia alijaribu kuzuia. Lakini baraza lililojengwa ili kila mtu aingie na kusema halikuwa na bawabu wa kutosha, na kila ujumbe uliofutwa ulifuatwa na mingine. Mwishoni mwa mwezi Januari 2008, alipoona kwamba mazungumzo ya kistaarabu hayawezekani tena, aliifunga Mashada.

Wahenga walisema heri nusu ya shari kuliko shari kamili. Hata hivyo, uamuzi huo haukuwa mwepesi. Kulifunga baraza kulikuwa pia kuwanyamazisha waliokuwa wakitafuta ndugu, waliokuwa wakiomba amani, na waliokuwa na mahali hapo tu pa kusikia lugha ya nyumbani. Fundi wa tovuti hafundishwi jambo hilo darasani. Hufundishwa namna ya kufungua ukurasa. Siku ya kuufunga hukutana nayo peke yake.

Kobia hakuishia hapo. Alianzisha tovuti nyingine iliyoitwa I Have No Tribe, maana yake sina kabila, na kuwaalika Wakenya waandike kuhusu utaifa wao. Walioitikia walileta maungamo, sala na mashairi. Ufundi ulikuwa uleule, kisanduku cha kuandikia na kitufe cha kutuma. Kilichobadilika kilikuwa swali lililowekwa juu ya kisanduku.

Ramani ya siku chache

Kabla ya Mashada kufungwa, Kobia alikuwa tayari ameshiriki kazi nyingine. Tarehe 3 Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa amelazimika kuondoka Nairobi na kurejea Afrika Kusini, aliandika kwamba itakuwa vyema kama mtaalamu yeyote angetengeneza ramani ya kuonyesha mahali ambapo ghasia zinatokea, ili zisije zikasahaulika au kukanushwa. Erik Hersman, aliyekulia Kenya na Sudan, aliusikia wito huo na kumtafuta Kobia. Juliana Rotich na wengine wakajiunga. Katika siku chache tu tovuti ikawa hewani. Iliitwa kwa neno moja la Kiswahili: Ushahidi.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mtu alituma taarifa kwa ujumbe wa simu au kupitia tovuti. Waliojitolea walijaribu kuithibitisha kwa kuilinganisha na habari za mashirika na za waandishi waliokuwa karibu na tukio. Kisha taarifa iliwekwa kwenye ramani, ikiwa na mahali, tarehe na aina ya tukio. Kwa mujibu wa Ushahidi yenyewe, watu 45,000 waliitumia wakati wa mgogoro huo.

Tofauti kati ya Mashada na Ushahidi inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu mkono uliozijenga ulikuwa mmoja na mwezi ulikuwa mmoja. Katika Mashada, neno lilitoka moja kwa moja kwa msemaji hadi kwa umma. Katika Ushahidi, kati ya msemaji na umma palikuwa na mtu wa kuuliza: nani kaona, wapi, lini? Swali hilo ni la kale kuliko kompyuta. Ndilo analouliza hakimu, na ndilo analouliza mhariri.

Methali husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wakosoaji wa watu wa ughaibuni huipenda sana methali hiyo. Ramani ile haikuiua nyoka, kwani ghasia zilitulia baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, yaliyosimamiwa na Kofi Annan. Lakini fimbo ya mbali ilionyesha nyoka amepita wapi. Baadaye programu hiyo ilitolewa bure kwa yeyote atakayeihitaji. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwezi Januari 2010, ilitumika tena, safari hii Wahaiti waishio ughaibuni wakitafsiri ujumbe uliotumwa kwa Kikrioli. Mwaka huohuo jarida la Technology Review la taasisi ya MIT lilimtunuku Kobia kwa mchango wake wa kibinadamu.

Pauni milioni 2.8

Turudi Birmingham ya Uingereza, jiji la watu zaidi ya milioni moja, la pili kwa ukubwa nchini humo. Mwezi Septemba mwaka 2009 halmashauri ya jiji ilizindua tovuti yake mpya, ikiwa imechelewa kwa muda mrefu. Makadirio ya awali yalikuwa pauni 580,000. Gharama ilifikia pauni milioni 2.8. Wananchi waliupata ukweli huo kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari, wakisaidiwa na Help Me Investigate, mradi wa uandishi wa habari ulioanzishwa jijini humo na Paul Bradshaw.

Hasira haikukawia. Baadhi ya wasanifu wa tovuti wa Birmingham waliitazama kazi hiyo na kuona kwamba haikulingana na fedha zilizotumika. Badala ya kulalamika tu, kundi la watu waliojitolea lilitengeneza toleo lao wenyewe, likichukua maelezo ya halmashauri na kuyapanga upya ili mkaazi ayapate kwa urahisi. Waliliita BCC DIY, jina lenye maana kwamba wenye mji wamejifanyia wenyewe.

Ni rahisi kuweka visa hivi viwili katika mizani na kutoa hukumu: ramani ya siku chache bila malipo, tovuti ya miaka mingi kwa mamilioni. Lakini mizani hiyo ingepotosha. Tovuti ya halmashauri haina ramani moja. Hupokea kodi na maombi ya nyumba, hutangaza siku ya kuzoa taka, huandikisha watoto shuleni, na haina ruhusa ya kulala. Ni lazima isomeke na kipofu anayetumia programu ya kusoma kwa sauti, na ieleweke kwa bibi kizee kutoka Mogadishu au Bukavu ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Halmashauri ilitetea gharama zake, na si kila hoja yake ilikuwa dhaifu.

Tatizo lilikuwa jingine. Ushahidi ilianza na mtu mmoja mwenye haja moja iliyoandikwa kwa sentensi chache. Mradi wa Birmingham ulikua huku haja zikiongezwa juu ya haja, kama gari la abiria ambalo kila kituo kondakta husema bado kuna nafasi.

Laiti somo hilo lingehifadhiwa. Mwezi Aprili 2022 halmashauri hiyohiyo ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa Oracle kwa ajili ya hesabu na ajira, uliokadiriwa mwanzoni kugharimu pauni milioni 19. Mfumo ulipata matatizo makubwa, na kufikia mwaka 2023 gharama ilikadiriwa kukaribia pauni milioni 100. Mwezi Septemba mwaka huo halmashauri ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, ikitaja madai ya malipo sawa ya wafanyakazi wanawake pamoja na mfumo huo. Huduma zikapunguzwa. Waliolipa ni walewale wakaazi walioshukuriwa kwa picha ya mji mwingine.

Kilichobaki

Mzee wa ufundi wa mbao akitaka kuonyesha kazi yake ya ujana huenda kwenye mlango wa Mji Mkongwe, Unguja, na kuupapasa. Msanifu wa tovuti hana mlango wa kupapasa. Mwezi Oktoba 2009, mwezi mmoja tu baada ya tovuti mpya ya Birmingham kuzinduliwa, GeoCities, ambako mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza tangu miaka ya 1990, ilifungwa. Wahifadhi waliojitolea waliokoa sehemu yake. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuhudumia Flash, na kazi nyingi zilizotegemea teknolojia hiyo zikazimika kama taa. Hata CERN ililazimika, mwaka 2013, kuanzisha mradi maalumu wa kuirejesha tovuti ya kwanza duniani mahali pake.

Wapo wanaohifadhi. Internet Archive ya Marekani imekuwa ikinakili kurasa tangu mwaka 1996. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2013 sheria imeipa British Library na maktaba nyingine chache haki ya kukusanya tovuti za nchi hiyo, kama zinavyokusanya vitabu na magazeti. Kwa hiyo mtafiti wa miaka ijayo akitaka kujua Birmingham ilijieleza vipi kwa wakaazi wake, atakuwa na pa kuanzia. Lakini taasisi hizo zenyewe si ngome. British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao mwezi Oktoba 2023, na Internet Archive mwezi Oktoba 2024.

Swali gumu ni la kurasa zisizokuwa za nchi yoyote. Baraza la Wakenya lililosimamiwa kutoka Alabama ni la maktaba ipi? Shajara ya Kiswahili iliyoandikiwa Marekani na kusomwa Moshi ni ya nani? Kumbukumbu za mwezi Januari 2008, zile za chuki na zile za kuombana radhi, ni sehemu ya historia ya Kenya kama yalivyo magazeti ya siku hizo. Mwanahistoria anayezisoma atajifunza namna maneno yanavyogeuka kuwa panga. Asipozipata, atabaki na masimulizi ya walionusurika na hotuba za viongozi.

Wasanifu wa zamani wanapokutana, mara nyingi hucheka wakikumbuka alama za njano zilizosema ukurasa unatengenezwa, vihesabio vya wageni na vitabu vya wageni visivyotiwa saini. Kicheko hicho ni halali. Pamoja nacho, msikilizaji, ipo kazi ambayo haihitaji pauni milioni moja. Huenda kwenye droo fulani huko Sparkbrook, Leicester, Muscat au Tabata ipo diski yenye faili za tovuti ya kwanza ya chama cha mazishi, timu ya mpira au jumuiya ya wanafunzi. Diski huchakaa, na mashine za kuisomea zinaadimika mwaka hadi mwaka. Kuinakili huchukua dakika chache. Kinachotakiwa kuongezwa ni karatasi moja yenye majina ya waliofanya kazi hiyo, mwaka, na sababu ya kuifanya, iandikwe kabla mwenye droo hajasahau mambo hayo mwenyewe.